Baba anataka kung'oa mikorosho apande mizeituni. Huku Kitangari itazaa kweli?

Binti_Kitangari

Habari za leo wadau. Naombeni ushauri, na naomba zaidi ajibu mwenye uhakika, maana jambo lenyewe limeshafika hatua ya kutoa hela.

Baba yangu ana shamba la mikorosho hapa Kitangari, wilaya ya Newala, ekari kama sita. Kati ya hizo, ekari mbili mikorosho yake ni ile aliyopanda babu. Imezeeka, matawi yamefungamana, na hata ukiipulizia salfa mavuno hayarudishi gharama. Sasa amepita mtu kijijini na pikipiki anauza miche ya mizeituni, mche mmoja Sh. 12,000. Anasema ndani ya miaka mitatu mti unazaa, unaishi miaka elfu, na hauhitaji dawa ya aina yoyote. Akatuonesha kwenye simu mashamba ya Hispania, milima mizima ni mizeituni tu. Kisha akatoa chupa ndogo ya mafuta akamuuliza baba, "Hii pale Mtwara mjini inauzwa bei gani?"

Baba ni mtu wa dini. Kwake mzeituni ni mti uliobarikiwa, umetajwa ndani ya Kurani, na nadhani hilo limemgusa kuliko hesabu ya hela. Anataka achukue miche 150 na ile mikorosho ya babu ing'olewe kabla mvua hazijaanza.

Hoja kubwa ya muuzaji ni kwamba Newala tuko juu, tuna baridi, si kama Mtwara mjini au Lindi. Na ni kweli, mwezi wa saba asubuhi hapa hutoki bila sweta. Sitaki kubishana na mzazi wangu kwa kusema tu "haiwezekani". Nataka nimpelekee sababu anayoweza kuipima mwenyewe. Je, kuna mtu yeyote huku Kusini aliyeona mzeituni umezaa? Na kama haufai, zile ekari mbili zifanywe nini?

Fundi_Salfa (Tandahimba)

Asing'oe, dada. Mkorosho mzee unafufuliwa. Unakatwa shina, ukishachipua unabebeshwa vikonyo, yaani vijiti vya kupandikiza, vya mbegu bora kutoka kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, na unaanza kuzaa mapema kuliko mche mpya kwa sababu mizizi iko chini tayari. Nimefanya kazi hiyo kwa wakulima wengi huku Tandahimba na ninaiona kila msimu.

Halafu niseme neno moja. Sisi watu wa Kusini tumeshaletewa miti ya utajiri kabla ya huo. Watu wa Kilwa wanakumbuka miaka ya 2000 walivyoambiwa habari za mbono (jatropha), kwamba dunia nzima itaendesha magari kwa mafuta yake. Ardhi ya vijiji ikachukuliwa, mwekezaji akaondoka, mbono haukumtajirisha mtu. Baba aulizwe: huyu muuzaji ana shamba lake wapi tukalione?

Mwl_Mikindani

Mimi ninao mzeituni mmoja nyumbani Mikindani. Shemeji yangu alituletea ukiwa mdogo kwenye kopo akitokea Oman. Umestawi, umepita ukuta wa uani, na majani yake mazuri sana upepo wa bahari ukiyageuza. Ua hata moja haujatoa. Nimeuwekea samadi, nimeupunguza matawi, nimeunyima maji kama nilivyoshauriwa na mtu mmoja, lakini wapi. Nami nafuatilia hapa nijue tatizo ni nini.

Mkamuaji_Nachi

Dada wa Kitangari, mpelekee baba shikamoo yangu. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu mti huu naujua kwa kuushika, na kwa sababu mikorosho ya babu ikishang'olewa hakuna wa kuirudisha.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, nina mashine ndogo ya kukamua ufuta na alizeti. Kabla ya hapo nilipata nafasi ya kusoma Algeria, chuo cha Tizi Ouzou, nchi ya milima mashariki ya Algiers inayoitwa Kabylie. Kule mzeituni ndiyo heshima ya familia. Miti inarithiwa, na mtu anaweza kumiliki mti uliosimama kwenye ardhi ya mwingine, jambo ambalo wazee wa pwani yetu wanalielewa vizuri kwa sababu ya minazi. Kuanzia Novemba mpaka Januari ni mavuno. Wenzangu wa darasani walikuwa wakinichukua kwenda vijijini kwao kusaidia. Nyavu zinatandikwa chini ya mti, vijana wanapanda kuchuma kwa mkono au wanagonga matawi kwa fito, kina mama wanaokota zilizorukia nje ya wavu. Ni kazi ya ujima, wenyewe wanaiita tiwizi, na mwenye shamba anakupikia kuskusi yenye mafuta ya msimu uliopita.

Sasa hii ndiyo sababu ya kumpelekea baba. Vijiji vile nilivyovuna viko mita 600, 700, vingine karibu 900 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Makonde nao, ilipo Newala, sehemu zake za juu zinafika mita 900 hivi. Kwa kimo cha nchi tunalingana kabisa, hapo muuzaji hakusema uongo. Lakini Kabylie iko zaidi ya nyuzi 36 kaskazini ya ikweta, na Newala iko karibu nyuzi 11 kusini. Kule Januari theluji inafunika mlima wa Djurdjura mbele yako, usiku kijijini joto linashuka mpaka nyuzi 3 au 4, mchana jua lipo lakini hulihisi. Tena baridi hiyo inakaa wiki baada ya wiki. Baridi ya Newala ni ya alfajiri, saa nne umeshavua sweta. Kupanda mlima kunapunguza joto, lakini hakukuletei majira ya baridi ambayo nchi yako haina.

Na mzeituni unatoa maua kwa sababu ya majira hayo. Kwenye tawi la mwaka uliopita, kila mahali jani linaposhikamana na tawi kuna jicho. Jicho hilo linaweza kuwa tawi jipya au kishada cha maua. Ili maua yatoke, mti unatakiwa upite kipindi kirefu ambacho usiku joto liko chini ya nyuzi 10 hivi na mchana halipandi sana. Ukikosa kipindi hicho mti haufi. Unaendelea kurefuka, unapendeza, na hauzai. Mwalimu wa Mikindani, mti wako hauumwi wala hukukosea kitu. Umeupa kila kitu isipokuwa Januari ya Algeria, na hiyo haiuzwi dukani.

Baba ana kipimo anachoweza kukifanya mwenyewe. Anunue kipimajoto cha bei rahisi, akining'inize kivulini shambani, asome kila alfajiri na kila saa nane mchana kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Aandike kwenye daftari. Akiona usiku unakaa chini ya nyuzi 10 kwa wiki sita mfululizo, na mchana hauzidi nyuzi 18 au 19, aje aniambie, nami nitamsaidia kutafuta miche mwenyewe. Nakuhakikishia Newala haifiki huko.

Kuhusu maneno mengine ya muuzaji. Kuishi miaka elfu ni kweli, iko mizeituni ya umri huo na zaidi. Miaka mitatu kuzaa: hata kwenye nchi yake, mti wa kawaida huanza kutoa kitu cha maana mwaka wa tano hivi na kuendelea, na ukishaanza huwa na tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Kwamba hauhitaji dawa, hapana. Kuna nzi wa zeituni anayetaga ndani ya tunda, na funza wake wakitoboa nyama mafuta yanaharibika hata kabla ya kukamuliwa. Huko Puglia, kusini mwa Italia, bakteria anayeitwa Xylella aligunduliwa mwaka 2013 na ameshaua mamilioni ya mizeituni, mingine ya mamia ya miaka. Bakteria huyo anakaa kwenye mimea mingi, mibuni ikiwemo, na Mbinga wanakolima kahawa siyo mbali sana na sisi. Mche wowote ulioletwa kutoka nje unatakiwa uwe na kibali na cheti cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Baba akiombe. Asiyekuwa nacho atajitambulisha mwenyewe.

Na zile picha za Hispania ni za kweli. Jimbo la Jaén peke yake lina mizeituni zaidi ya milioni 60. Lakini msimu wa 2022/23 ukame na joto viliwapiga, nchi nzima ikatoka kwenye tani karibu milioni moja na nusu za mafuta hadi tani 665,000 hivi. Mti uko kwao kwa maelfu ya miaka, mvua ikakosa, mavuno yakaenda chini ya nusu. Sisi tuupande kwenye nchi ambayo hata ua hauwezi kutoa?

Nazungumza hivi kwa uchungu kwa sababu mimi nimezaliwa Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na skimu ya karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta, wakaanza kujenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja mpaka Nachingwea, ndipo wakaanza kujifunza mvua na udongo. Mwaka 1951 skimu ikafungwa, imekula pauni milioni 36 hivi, na miaka ya mwanzo ya 1960 hata reli ikang'olewa. Karanga yenyewe haikuwa na kosa, bibi zetu walikuwa wanailima na wanaendelea kuilima. Walichoruka ni kujaribu kidogo kwanza. Serikali ya Uingereza ilikuwa na uwezo wa kupoteza pauni milioni 36. Baba yako hana uwezo wa kupoteza Sh. 1,800,000 na mikorosho ya ekari mbili juu yake.

Swali la nini kifanyike kwenye zile ekari nitalirudia, nina la kusema.

Jembe_Halisi (Masasi)

Mkuu Mkamuaji nakuheshimu lakini naomba nikupinge kidogo. Mkorosho nao ni mgeni. Wareno waliuleta kutoka Brazili, na leo Mtwara bila korosho hakuna ada ya shule wala bati la nyumba. Kama wazee wangesikiliza watu wanaosema "mti huu si wa hapa" tungekuwa wapi? Pili, mizeituni ipo Tanzania. Nimefanya kazi Arusha, kule milimani iko mizeituni ya porini, Wamasai wanaijua vizuri. Sasa iweje useme nchi hii haina baridi ya mzeituni?

Mkamuaji_Nachi

Swali zuri, kaka, na ndilo ambalo muuzaji atalitumia, kwa hiyo bora tulimalize hapa.

Mkorosho ulitoka kaskazini-mashariki ya Brazili. Angalia ramani: pwani ile iko kusini kidogo tu ya ikweta kama sisi, ina joto mwaka mzima, ina mvua ya msimu mmoja na kiangazi kirefu, na udongo wa kichanga. Mkorosho ulipofika Msumbiji na Mtwara ulikuta mambo yale yale. Unataka kiangazi ili uchanue, na sisi kiangazi tunacho, ndiyo maana mwezi wa saba na wa nane mashamba yanakuwa na maua na ninyi mnaamka usiku kupulizia kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama mahali unapoupeleka mti panafanana na ulikotoka, awe mgeni au mwenyeji. Mkorosho ulifaulu mtihani huo. Mzeituni unatoka kwenye nchi za mvua ya baridi na kiangazi cha joto. Huku kwetu mvua na joto vinakuja pamoja.

Mzeituni wa porini wa Arusha, Kilimanjaro na Usambara ni ndugu wa karibu wa ule wa mafuta, hilo ni kweli. Wamasai wanauita oloirien, na wanatumia mti wake kufukizia vibuyu vya maziwa. Lakini tunda lake ni dogo, kokwa imejaa ndani, nyama ni utando tu. Huwezi kukamua ukapata cha kujaza chupa. Na umezoea milima yetu kwa namna yake. Mzeituni wa mafuta, iwe Picual ya Hispania, Koroneiki ya Ugiriki au Chemlal ya Kabylie, umechaguliwa na wakulima wa kule kwa karne nyingi kulingana na majira yao. Halafu Chemlal yenyewe ina jambo jingine: chavua yake haifai, lazima uchanganye na aina nyingine shambani, Azeradj kwa mfano, la sivyo hata kwao haishiki matunda. Muulizeni huyo wa pikipiki miche yake ni ya aina gani. Mtu anayeuza mzeituni bila kuujua jina lake hana analouza.

Dada, tena angalia hiyo miche yenyewe. Jani la mzeituni ni jembamba, gumu, kijani iliyokolea juu na rangi ya fedha chini, yanatoka mawili mawili yakitazamana. Kama jani ni pana, linang'aa pande zote na ukilisugua linatoa harufu, wamekuuzia mzambarau.

Jembe_Halisi (Masasi)

Hapo kwenye ramani umenipata. Nimekubali.

Binti_Kitangari

Asanteni sana, kaka Mkamuaji Mungu akulipe. Nimemsomea baba yote jana baada ya magharibi, pamoja na habari za skimu ya karanga ambazo anazikumbuka kwa simulizi za baba yake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, je, kweli mafuta ya ule mti ni bora kama watu wanavyosema? La pili, kama yeye anataka mafuta safi ya kula nyumbani kwake na ya kuuza kidogo, alime nini? Nimeenda pia kuangalia miche kwa muuzaji. Majani ni membamba na yana fedha chini, kwa hiyo ni mizeituni kweli. Lakini aina haijui, na kibali hana.

Mwl_Mikindani

Nami niongezee swali kwa mkuu. Nanunua chupa ya zaituni mjini kwa ajili ya mama ambaye daktari amemshauri apunguze mafuta ya kukaangia. Nitajuaje kama ni halali? Kuna wanaosema ukiiweka kwenye friji ikiganda ni ya kweli.

Mkamuaji_Nachi

Mwalimu, achana na friji. Mafuta mengine nayo yanaganda, na zaituni nzuri inaweza ikachelewa kuganda kutegemea aina ya mti. Soma chupa. Daraja la juu kabisa, lile linaloandikwa "extra virgin", asidi yake haitakiwi kuzidi 0.8 kwa mia. Chupa iwe ya kioo cheusi au kopo la bati, maana mwanga unaua mafuta. Tafuta mwaka wa mavuno, si tarehe ya mwisho peke yake. Ukionja, mazuri yana uchungu kidogo na yanawasha kooni mwishoni. Watu wengi huku wakiwashwa wanadhani yameharibika, kumbe hapo ndipo yalipo mazuri. Yenye harufu ya karanga zilizochacha au rangi ya kuta, hayo yameshakwisha. Na mama ayatumie juu ya chakula kilichokwisha iva, kijiko kwenye mchicha au kunde, itamfaa zaidi na chupa itadumu.

Sasa baba. Swali lake la kwanza: ndiyo, ni bora, lakini nimwambie kilichoyafanya yawe bora, maana hapo ndipo penye faida kwake. Wazee wa Kabylie walikuwa wanarundika zeituni wiki nzima au zaidi kabla ya kukamua. Zinapata joto, zinaanza kuchacha, na mafuta yanatoka makali yenye asidi nyingi. Wenyewe wameyazoea na wanayapenda. Vijana wao walioleta mashine mpya wanakamua siku ile ile au kesho yake. Zeituni inasagwa pamoja na kokwa yake, rojo linakandwa dakika 30 hadi 45 na joto halivuki nyuzi 27, kisha mashine inazungusha kwa kasi kutenga mafuta, maji na makapi. Kilo 5 za zeituni zinakupa lita moja hivi. Mti ni ule ule, mlima ni ule ule, lakini mafuta ya baba na ya mwanawe ukiyaonja utadhani yametoka nchi mbili. Tofauti imeletwa na haraka, usafi na ubaridi wa kazi. Mambo hayo matatu hayahitaji theluji, na nilirudi nayo Nachingwea.

Swali la pili: alime ufuta. Zeituni kwa uzito wake ina mafuta 15 mpaka 20 hivi kwa mia. Ufuta unakaribia nusu. Kwenye mashine yangu ndogo, kilo 3 za ufuta safi zinanipa lita moja, na mashudu yanabaki ya kuku. Mafuta ya ufuta yana kinga yake ya asili dhidi ya kuchacha, yanakaa muda mrefu kuliko alizeti. Wazee wa Pwani na Zanzibar walikuwa wanayakamua kwenye vinu vilivyozungushwa na ngamia, kwa hiyo hatuanzi leo. Kinachoniumiza ni kwamba ufuta wetu karibu wote unaondoka mbegu ghafi. Mwezi wa sita na wa saba mnada unafanyika, magunia yanapakiwa, na jioni mkulima huyo huyo ananunua dukani mafuta ya kupimiwa kwenye kikombe ambayo hajui yametoka wapi. Siwalaumu kwa kuuza. Bei ya mnada ndiyo inayolipa ada. Lakini gunia moja au mawili kwa ajili ya nyumba yako yabaki!

Kwa zile ekari mbili ningefanya hivi. Namuunga mkono Fundi Salfa kuhusu kukata na kubebesha, ila si yote mara moja, aanze na nusu ya miti. Mkorosho ukishakatwa shamba linafunguka, jua linafika chini kwa misimu miwili mitatu. Hapo katikati ya mistari apande ufuta. Mbegu achukue Naliendele au kwa wakala wao: Lindi 2002, Naliendele 92, Ziada 94, Mtwara 2009, zote zilitafitiwa hapa hapa Kusini na zinajua mvua zetu. Apande mvua zikishatulia, Januari hadi Februari, asipande mahali maji yanatuama kwa sababu ufuta ukisimama kwenye maji siku chache unakufa. Apalilie mapema. Wengi wanaharibu hapo, ufuta ukiwa mdogo haushindani na majani.

Kuvuna ndiyo kazi yenyewe. Majani yakigeuka manjano na vitumba vya chini vinaanza kukauka, akate, afunge matita, ayasimamishe wima juu ya turubai. Asisubiri vipasuke shambani, mbegu zote zitamwagika chini. Yakikauka anageuza tita na kulikung'uta juu ya turubai. Ufuta uliokung'utiwa ardhini unaingia mchanga, mnadani unashushwa bei, na kwangu unakula mashine. Kisha aupepete, aukaushe, auweke mahali pakavu pasipo na harufu ya mafuta ya taa wala dawa za korosho. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu stoo zetu nyingi zina salfa na viuatilifu kona moja na chakula kona nyingine. Mafuta yanavuta harufu, hutaitoa tena.

Akitaka kuuza madukani kwa nembo, itabidi apite SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa maelekezo na TBS kwa alama ya ubora. Kwa kula nyumbani na familia yake haimhusu.

Na mzeituni, kama baba bado anaupenda kwa ajili ya baraka yake, anunue mche mmoja wenye cheti, aupande mbele ya nyumba au uani msikitini. Utampa kivuli na majani ya kutazama. Mti wa heshima si lazima uwe wa biashara.

Fundi_Salfa (Tandahimba)

Kuhusu kubebesha, dada, kazi ianze kukatwa korosho zikishaokotwa zote, mvua zikianza mashina yanachipua haraka. Shina likatwe mita moja hivi kutoka chini, kwa mshazari ili maji yasikae, na msumeno uwe mkali usichane gome. Machipukizi yakitoka mengi unabakiza machache yenye nguvu, hayo ndiyo yanayobebeshwa. Mimi niko tayari kuja Kitangari kuonesha, sihitaji malipo kwa miti ya kwanza, baba anipe chakula tu. Lakini vikonyo lazima viagizwe mapema Naliendele, usisubiri watu wote wameagiza.

Binti_Kitangari

Baba amemwambia muuzaji kwamba hatachukua. Amecheka aliposikia habari ya mche mmoja wa uani, amesema atafikiria. Fundi Salfa, karibu sana Kitangari, nakutumia ujumbe ndani tupange. Kaka Mkamuaji, kipimajoto kimeshanunuliwa, baba amesema atapima hata kama amekubali, anataka kuona kwa macho yake.

Swali la mwisho. Tuna ufuta wa mwaka huu kidogo tuliobakiza, kama nusu gunia, ni wa shamba la mama kule Masasi. Nikija nao Nachingwea unaweza kunikamulia? Na nilete vyombo gani?

Mkamuaji_Nachi

Karibu, dada. Nusu gunia ni kilo hamsini hivi, utapata kati ya lita 15 na 17 kama ni mkavu na msafi. Upepete huko huko usije na mchanga. Leta madumu ya lita 5 manne, mapya au yaliyokuwa na maji tu, yaliyooshwa na kukaushwa juani kabisa, maana tone la maji likibaki ndani mafuta yanaharibika. Usilete dumu lililowahi kubeba petroli, mafuta ya taa au sabuni hata kama umeliosha mara ngapi. Njoo siku isiyo ya mnada, asubuhi, mashine ikiwa bado ya baridi ndiyo naanza na wanaotaka mafuta ya kula mabichi. Ukishafika nyumbani yaache yatulie siku nne au tano bila kuyatikisa, kisha uyahamishe taratibu uache mashapo chini. Mashudu ni yako, usiniachie, kuku wa mama watayapenda.